Mwenye Shamba na Mpita Njia: Historia ya Sheria za Kuingia Mashambani Nchini Kenya

Mwalimu yeyote wa Kiswahili hapa Uganda aliyepata kusomesha hadithi zinazohusu Kenya ya wakati wa ukoloni amekwisha kukutana na maneno matatu ambayo wanafunzi hawakosi kuyauliza: setla, skwota na kipande. Kamusi huyaeleza kwa mstari mmoja mmoja, na darasa huendelea mbele. Lakini maneno hayo hayaeleweki barabara mpaka mtu aijue sheria iliyoyaweka vinywani mwa watu, yaani sheria ya nani ana haki ya kukanyaga shamba la nani. Katika makala haya tumekusudia kuieleza historia ya sheria hiyo, tangu kuja kwa reli hadi siku zetu hizi. Tutaona kwamba mara nyingi mtu aliyeshtakiwa kwa kuingia shamba la mwenziwe hakuwa ametoka popote kwenda popote. Alikuwa pale pale alipozaliwa. Mpaka ndio uliokuwa umehamishwa.

Yafaa tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya sheria hizo, kwa sababu wako wanaodhani kwamba Mwafrika hakuwa na mipaka ya shamba. Hilo si kweli hata kidogo. Miongoni mwa Wakikuyu, ardhi ya ukoo iliitwa githaka, na mpaka wake ulipandwa mimea ya kudumu, hasa yungiyungi waliloliita itoka, ili watoto na wajukuu waujue. Mtu asiye na ardhi yake aliweza kuomba mahali pa kulima kwa mwenye githaka, naye aliitwa muhoi, maana yake mwombaji. Muhoi hakulipa kodi ya fedha. Alitazamiwa kuwa na adabu, kuleta pombe wakati wa pombe, na kushika mkono wakati wa kujenga. Njia, maji na mahali pa mifugo kulamba chumvi havikufungwa kwa wengine. Kwa wafugaji wa bondeni kilicholindwa zaidi kilikuwa kisima na malisho ya kiangazi. Huko pwani nako kulikuwa na desturi ambayo hadi leo huwatatiza mawakili: mtu mmoja aliweza kuwa na ardhi, na mwingine akawa na minazi iliyoota juu ya ardhi ile ile. Mwenye minazi akija kuangua nazi zake, nani angemwambia kwamba ameingia shamba la watu?

Basi makosa yalikuwako, na adhabu pia. Kulisha mifugo juu ya mimea ya mtu kulikuwa kosa, na kung'oa alama ya mpaka kulikuwa kosa kubwa zaidi. Lakini kule kupita tu, au kuwa mahali, hakukuwa kosa.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Sisi wa Uganda tuna sababu yetu ya kuikumbuka miaka hiyo, kwani nchi iliyoanzia Naivasha hadi ufuko wa ziwa ilihesabiwa wakati ule kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo hilo lilitolewa likatiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ndiyo iliyoitwa Kenya. Mfugaji wa Naivasha alilala Uganda akaamka katika nchi nyingine, wala hakuna aliyemwuliza. Serikali ilitaka nchi yote iliyopitiwa na reli iwe chini ya utawala mmoja, ili gharama za reli zirudishwe kwa mazao ya walowezi.

Mwaka huo huo wa 1902 ikatungwa Sheria ya Ardhi ya Serikali. Kwa sheria hiyo kamishna aliweza kuuza ardhi hadi ekari 1,000 kwa mtu mmoja, au kuikodisha kwa muda wa hadi miaka 99. Lazima tuseme kwa haki kwamba sheria ilikuwa na kifungu cha kuwalinda wenyeji: ardhi iliyokuwa ikikaliwa nao hasa haikuruhusiwa kuuzwa wala kukodishwa. Tatizo lote lilikuwa katika neno hilo ‘hasa’. Mkulima wa Kikuyu huliacha konde lipumzike kwa miaka kadhaa. Je, analikalia au halikalii? Mfugaji huyaacha malisho ya mlimani wakati wa masika ili ayarudie wakati wa kiangazi. Je, ni yake au si yake? Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1890 nchi ilipatwa na misiba mfululizo. Sotoka iliangamiza ng'ombe, ndui ikaua watu, na mwishoni mwa muongo huo njaa kuu ikawahamisha wengi wa kusini mwa Kiambu kwenda kwa ndugu zao wa kaskazini. Afisa aliyepita hapo akaona magugu, akaandika kwamba nchi ni tupu. Wenyewe waliporudi walikuta vigingi vimepigwa. Wengine walilipwa rupia chache kwa ekari, nao wakaelewa kwamba mgeni amelipia mazao au amekaribishwa kama muhoi. Kwamba ardhi yenyewe imekwenda, hilo lilichukua miaka kufahamika.

Huko pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, ingawa mwisho wake ulifanana. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya bendera ya Sultani wa Zanzibar, aje aandikishe dai lake. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliojua kuandika, na waliokuwa karibu na mji, waliandikisha. Wamijikenda walio wengi hawakuandikisha, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota mahali ambapo mababu zao wamezikwa.

Hapo juu ya bonde la Naivasha hadi Laikipia lilitokea jambo ambalo tunaliona kuwa kielelezo cha yote. Mwaka 1904 serikali ilifanya mapatano na Wamaasai waiache nchi iliyo karibu na reli, waende sehemu mbili, mojawapo ikiwa Laikipia. Mapatano yaliandikwa kwamba yatadumu muda wote Wamaasai watakapokuwapo kama kabila. Kufikia mwaka 1911 walowezi walikuwa wameitamani Laikipia pia, yakafanywa mapatano mengine, na watu wakahamishwa pamoja na ng'ombe zao kwenda kusini. Wengine walikwenda mahakamani. Katika kesi ya Ole Njogo ya mwaka 1913 mahakama ilisema kwamba mapatano yale ni mkataba baina ya dola na dola, kwa hiyo si kazi ya mahakama ya nchi kuyaamua. Tazameni ajabu ya jambo hili: siku ya kutawaliwa, Mmaasai alikuwa raia chini ya sheria, siku ya kudai haki, akawa dola ya kigeni.

Sheria mpya ya ardhi ya mwaka 1915 ilimaliza shaka yote. Walowezi walipewa kukodi ardhi kwa miaka 999, na maana ya ardhi ya serikali ikapanuliwa hata ikachukua na ardhi zilizokaliwa na makabila ya wenyeji. Mwaka 1920 Himaya ikageuzwa kuwa Koloni la Kenya. Mwaka uliofuata, katika kesi ya Isaka Wainaina, Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba haki zote za wenyeji juu ya ardhi zimekwisha, nao wamebaki wapangaji wakaao kwa ridhaa ya Mfalme. Kwa maneno mengine, hata yule aliyekuwa hajaguswa, aliyekuwa akilima konde la babu yake katika eneo lililotengewa wenyeji, alikuwa mgeni wa mtu asiyemjua, aishiye London.

Sasa na tulitazame lile neno skwota, kwa maana lina mkasa wake. Katika Kiingereza huitwa hivyo mtu aliyekwenda kuketi juu ya ardhi isiyo yake bila ruhusa. Huko Australia lilitumiwa kwa wafugaji waliojitwalia malisho ya serikali, na wengi wao wakawa matajiri wakubwa. Nchini Kenya lilipewa mtu wa namna tofauti kabisa. Mlowezi alikuwa na ardhi kubwa asiyoweza kuilima, wala hakuwa na fedha za kulipa vibarua. Akawaita Wakikuyu, Wanandi, Wakipsigis na wengineo waje na jamaa zao na mifugo yao, wakae pembeni mwa shamba, walime kiasi, na kwa malipo hayo wamfanyie kazi. Yaani skwota wa Kenya ni mtu aliyealikwa na mwenye shamba. Akaitwa kwa jina la mvamizi, na jina hilo halikutolewa ovyo. Mtu akiitwa mpangaji, mahakama itamwuliza mwenye shamba kwa nini anamfukuza. Akiitwa skwota hataulizwa chochote.

Sheria ya mwaka 1918 iliyowahusu wakazi hao iliweka kwamba skwota atafanya kazi si chini ya siku 180 kwa mwaka, na kwamba hakuna Mwafrika atakayekaa juu ya shamba la Mzungu ila kwa mapatano ya kazi. Kulipa kodi kwa fedha au kwa sehemu ya mazao, kama walivyokuwa wakifanya baadhi yao, hakukuruhusiwa tena. Sheria ilirudiwa mwaka 1925, na mwaka 1937 ikatungwa nyingine kali zaidi, iliyoanza kutumika mwaka 1940. Hiyo iliwapa walowezi wenyewe, katika halmashauri zao za wilaya, uwezo wa kuamua skwota awe na mifugo mingapi, alime ekari ngapi, na siku zake za kazi ziongezwe hadi 240 au hata 270. Mtoto aliyezaliwa shambani, akifika umri wa kufanya kazi, alikuwa aidha atie sahihi ya mapatano yake mwenyewe au aondoke. Asipofanya moja katika hayo, yeye ni mwingiaji katika nyumba ya mama yake.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, walowezi walikuwa wamekwisha kuanza kuondoa mifugo ya maskwota kwa nguvu, na waliofanyiwa hivyo waliipa shughuli hiyo jina la Kiswahili: kifagio. Hatuna habari ya neno lililotumiwa vizuri zaidi kuliko hili katika historia nzima ya mashamba yale. Mbuzi na ng'ombe, waliokuwa mahari, karo na akiba ya uzeeni, walifagiwa kama takataka za uani. Tunapendekeza walimu walitaje neno hili wanapofundisha ngeli ya KI-VI, mwanafunzi hatalisahau.

Na kipande? Kwa asili ni sehemu tu ya kitu. Katika mashamba ya Wajerumani huko Usambara kilikuwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Nchini Kenya, kwa sheria ya uandikishaji ya mwaka 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kilikuwa hati aliyolazimika kuwa nayo kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16, yenye alama za vidole vyake, jina la bwana wake, mshahara, na tarehe ya kuajiriwa na ya kuachishwa. Ilitiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Sheria ya shamba na sheria ya kipande zilifanya kazi pamoja kama mkono na kidole. Mtu akikutwa njiani kati ya mashamba mawili, polisi hakuhitaji kumwuliza anakwenda wapi. Alisoma shingoni mwake iwapo ana bwana au hana. Kipande cha namna hiyo kiliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1940.

Lugha iliyoandikwa malangoni mwa mashamba hayo nayo yastahili kutajwa katika jarida kama hili. Ilikuwa ile iliyopewa jina la Kisetla, ambayo hukataza kwa kusema ‘hapana pita hapa’ badala ya ‘usipite hapa’, na huonya kwa ‘mbwa kali’ badala ya ‘mbwa mkali’. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kilichokusudiwa, kama jina lake lisemavyo, askari, mlowezi, mchimba madini na mfanyabiashara, pamoja na wake zao. Walowezi wamekwenda zao, lakini ‘mbwa kali’ angali anabweka katika malango ya Nairobi, Kampala na hata Arusha, na kila mwaka tunamsahihisha katika madaftari.

Hapa twaomba ruhusa ya kuvuka mpaka turudi nyumbani, kwa sababu kulinganisha kunafunza. Huku Buganda, mapatano ya mwaka 1900 yaliwapa machifu na wakuu wengine ardhi ya mailo, na wakulima wa kawaida wakajikuta wakikaa juu ya ardhi ya watu. Wenye mailo nao walianza kuzidisha kodi. Lakini mwaka 1928 ikapitishwa Sheria ya Busuulu na Envujjo: kodi ya kibanja ikawekwa shilingi 10 kwa mwaka, fungu la mazao likapewa kipimo, na mkulima hakuweza kuondolewa bila amri ya mahakama. Kwa hiyo katika miaka ile ile ambayo mkulima wa Nakuru alikuwa akifagiwa, mkulima wa Masaka alikuwa akipewa kinga. Serikali iliyotawala huku na huko ilikuwa moja. Sababu haikuwa huruma. Mkulima wa Buganda ndiye aliyelima pamba iliyokwenda Uingereza, na hakukuwa na mlowezi wa kumlimia. Wala tusidhani kwamba kwetu mambo yaliishia hapo, kwani Amri ya Idi Amin ya mwaka 1975 iliiondoa kinga ile, na haikurudi kwa ukamilifu mpaka katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998. Marekebisho ya mwaka 2010 yaliongeza kwamba mtu amwondoaye mwenye kibanja halali bila amri ya mahakama aweza kufungwa hadi miaka saba. Huku kwetu, basi, anayeweza kupelekwa gerezani kwa habari ya mpaka ni mwenye shamba pia.

Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Jaji Morris Carter na kuanza kazi mwaka 1932, ilisikiliza mashahidi wengi sana. Ikakubali kwamba baadhi ya Wakikuyu walipokonywa ardhi, ikapendekeza wafidiwe kwa ardhi nyingine, kisha ikapendekeza Nyanda za Juu za Wazungu ziwe maili za mraba 16,700, na mwaka 1939 amri ya Mfalme ikauthibitisha mpaka huo. Waliohamishwa kutoka Tigoni wakapelekwa Lari. Wengine waliotoka mashambani na katika nchi ya Wamaasai walipewa kukaa Olenguruone mnamo mwaka 1941, wakaambiwa watakaa kwa masharti. Wao wakajibu kwamba hiyo ni ardhi waliyolipwa badala ya ile waliyopokonywa, na mwenye ardhi hapewi masharti. Hapo ndipo kiapo cha umoja kilipoanza kuliwa na wanaume, wanawake na hata watoto. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamefukuzwa wote, wengi wakapelekwa Yatta. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na maskwota kwa maelfu wakarudishwa kwa malori katika maeneo ambayo wengi wao hawakuyajua. Wanaosoma Weep Not, Child, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1964, watamkumbuka mzee Ngotho, kibarua katika ardhi ya baba zake. Msomaji asiyezijua sheria tulizozieleza aweza kumwona mzee huyo kuwa mwoga tu.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, wengi walitazamia kwamba sheria hizi zitachomwa. Baadhi ya mashamba yaligawanywa katika miradi ya makazi, na waliopewa walitakiwa kuyalipia kwa mkopo. Lakini sheria ya kuingia mashambani, iliyotungwa ukoloni ukiwa ukingoni, ilirithiwa kama ilivyo, nayo ikawa sura ya 294 katika sheria za Kenya. Yasema kwamba ni kosa mtu kuingia, kuwapo au kubaki katika ardhi ya mtu binafsi, au kujenga, kulima au kulisha mifugo humo, bila sababu ya haki na bila idhini ya mkaaji. Na ikaongeza jambo ambalo mwanasheria hulitazama mara mbili: mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu au idhini umewekwa juu ya mshtakiwa. Katika mashtaka mengi ya jinai ni juu ya serikali kuthibitisha kosa. Hapa ni juu ya mpita njia kuthibitisha njia yake. Ni haki tukumbuke kwamba sheria nyingine ya nchi hiyo hiyo humpa mtu nafasi ya kudai ardhi aliyoikalia wazi kwa miaka 12 bila ya mwenyewe kumzuia. Kwa hiyo mtu mmoja, juu ya konde moja, aweza kuwa mhalifu kwa sheria ya kwanza na mwenye haki kwa sheria ya pili, na tofauti ni hesabu ya miaka.

Mwezi wa Agosti mwaka 2004 Wamaasai wa Laikipia waliingiza ng'ombe wao katika ranchi kubwa kubwa. Walisema miaka mia ya mapatano ya 1904 imetimia, hivyo nchi irudi. Serikali ikajibu kwamba mikataba ya ranchi hizo ni ya miaka 999, na polisi wakawatoa kwa silaha. Katiba ya mwaka 2010 imepunguza muda wa asiye raia kuwa na ardhi usizidi miaka 99. Hata hivyo, wakati wa ukame wa mwaka 2017 mifugo iliingia tena kwa maelfu, na watu wakauawa kwa pande zote.

Katika habari za mwaka ule neno lililotumiwa sana lilikuwa ‘wavamizi’. Katika mahakama za Tanzania kosa hili huitwa ‘kuingia kwa jinai’, na wako wanaopendelea ‘kuingilia’, ingawa kitenzi hicho kina maana nyingine isiyofaa mbele ya watoto. Sisi darasani tumezoea kuwapa wanafunzi maneno yote matatu pamoja na kifungu kimoja cha habari juu ya Laikipia, kisha kuwaomba wakiandike mara mbili: kwanza kama angeandika mwenye ranchi, halafu kama angeandika mwenye ng'ombe. Kazi hiyo huchukua vipindi viwili, na kitenzi ndicho kinachobishaniwa zaidi.